Upande Upi Pungufu

Bangale

Dada yangu Mwanajuma,

Shikamoo, Dada. Barua hii ikukute u mzima, wewe na Mama na wote waliomo nyumbani, na kama kuna anayeumwa Mungu amnyanyue. Mama anakula? Nauliza hilo mwanzo kwa sababu kwenye simu ukinijibu "anakula" huwa unalisema haraka mno. Na maji yamepungua huko? Njia ya shamba inapitika, au bado mnavuka kwa mtumbwi? Mimi huku ni mzima. Nalala, naamka, nawasha jenereta, nazima jenereta. Mwili hauna neno.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Wewe unauliza, "Athumani, waendeleaje?" Mimi nasema, "Sijambo." Kisha tunasikilizana pumzi mpaka mmoja wetu akate. Mara ya mwisho ulinambia neno zito, kwamba nisipokuja kwenye arobaini ya Baba basi nisije tena, nikae huku huku na ngamia zangu. Sikukujibu. Usidhani nilikasirika. Niliitafuta hiyo hasira sikuipata.

Basi ngoja nikupe habari ya mpira wa Jumamosi. Usiitupe barua, Dada. Najua unasema, "Baba yuko kaburini na huyu ananiletea habari za mpira!" Vumilia kidogo tu. Jibu lako limo humo humo.

Lakini lazima nianze na siku uliyonipigia kunipa habari ya Baba. Nilikuwa kisimani. Kazi yangu unaijua: kisima hiki ni cha mashine, jenereta ikizimwa maji hayapandi. Huku kulikuwa hakujanyesha hata tone. Maji yaliyowafunika nyinyi huko chini na kuikata barabara pale Minjila yalikuwa mvua ya watu wa milimani. Kwa hiyo kwenu mafuriko, kwangu vumbi, na foleni ya mifugo ilikuwa ndefu hata mwisho wake siuoni. Nikaisikia sauti yako. Nikasikia, "Baba hatunaye." Nikasema, "Inna lillahi," nikatia simu mfukoni, nikaendelea kumimina dizeli. Mzee mmoja mwenye ngamia akaniuliza, "Habari ya nyumbani?" Nikamjibu, "Njema."

Lilitoka lenyewe, Dada. Na mtu akishasema njema, kesho yake ataanzaje kusema si njema? Nikasema nitangoja kilio kije kwanza, kikija watu watajua wenyewe. Hakikuja. Mlimzika siku ile ile, na mimi siku ile ile nilikunywa chai, nikala ugali, nikalala fofofo. Mpaka leo niko hivyo. Unajua mguu ukifa ganzi: unaushika, unaona ni wako, lakini husikii kitu. Ndivyo nilivyo mzima mzima. Watu wa huku wanacheka, nacheka nao. Ndiyo maana sikutaka kuja kwenye arobaini. Niliona aibu kuja kusimama katikati ya watu wanaolia, mimi mtoto wa maiti, macho makavu kama mtu aliyekuja kuuza mkaa.

Sasa mpira. Huku tuna timu yetu ya mtaani, tunacheza Jumamosi jioni, nami ni beki. Si beki wa kusifiwa, ila napiga mpira mbali. Kapteni wetu ni Barisa, kijana wa Kiorma mwenye bucha, ndiye anayeniuzia nyama na ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote huku. Barisa ana maneno mengi na hapendi kushindwa hata katika kukisia kama mvua itanyesha. Yeye ndiye aliyepanga mechi na vijana wa kambi za ng'ombe za upande wa mashariki, na akatoa beberu awe zawadi ya mshindi. Beberu mwenyewe alimfunga kwenye pikipiki yake pembeni mwa uwanja, naye mechi nzima kazi yake ilikuwa kutafuna kiti cha pikipiki.

Wale vijana wakaja nane. Mvua ilikuwa imenyesha kwao siku chache kabla, majani yameota, na ng'ombe hawamngojei mtu amalize mpira. Wenzao walikuwa wameondoka na mifugo. Kapteni wao, anaitwa Galgalo, mrefu kama mlingoti, akaja mpaka katikati ya uwanja akasema, "Sisi iko nane. Wengine iko na ng'ombe. Lakini sisi tunacheza."

Barisa alifurahi wazi wazi, hana haya. "Nane? Haya, karibuni," akamwambia. Kisha akatugeukia sisi akasema kwa sauti ya chini ambayo uwanja mzima uliisikia, "Jamani, huyo beberu mumwone vizuri, usiku mtalala naye tumboni."

Mwamuzi wetu ni Mwalimu Komora, Mpokomo wa upande wa Hola, anafundisha shule ya msingi ya hapa. Akatazama saa akaweka filimbi mdomoni. Na hapo, Dada, mdomo wangu ukafunguka ukasema, "Upande upi pungufu?"

Watu wakaangua kicheko. Upande pungufu hata mbuzi alikuwa anauona. Barisa akasema, "Athumani, umepigwa na jua? Si hao hapo, nane." Mimi nimesimama. Nilijua si swali langu.

Wewe hukuwa ukija uwanjani, ulikuwa jikoni na Mama, kwa hiyo huenda hili hulijui. Sisi tukicheza pale kwetu Ozi jioni, Baba alikuwa akipita akitoka shamba, matope mpaka magotini, jembe begani. Husimama. Hakuwa akiuliza nani anashinda. Huuliza, "Upande upi pungufu?" Tukimwonyesha, anaweka jembe chini, anapiga kikoi chake winda katikati ya miguu, anaingia. Na mpira, Dada, Baba alikuwa haujui hata chembe! Alikuwa akiupiga kwa kidole gumba unakwenda mpungani, tunaanza kuutafuta. Upande wake ulifungwa kila siku. Tulikuwa tunanuna tukimwona anakuja. Nikimwambia, "Baba, si ukapumzike," yeye ananijibu, "Mtumbwi hukaliwa upande mwepesi." Na akishaingia hatoki mpaka adhana ya magharibi.

Basi nikavua fulana ya timu yetu nikampa Barisa mkononi, nikavuka mstari nikaenda kwa wale nane. Barisa akapiga kelele kidogo, halafu akaona watu wanapiga makofi, akajifanya ni wazo lake. "Haya, tumewaazima mmoja!" akatangaza. "Msiseme watu wa Bangale ni wachoyo!" Tukawa tisa kwa kumi.

Mechi yenyewe sikusimulii yote. Barisa alifunga kipindi cha kwanza, akazunguka uwanja mzima kama bwana arusi. Sisi tisa tulikimbia mpaka mate yakawa mazito. Wale vijana wa ng'ombe wana pumzi, hawachoki, ila hakuna anayebaki nyuma. Kila mmoja anaufuata mpira. Mimi peke yangu nimebaki nyuma nikiwaita, hawasikii. Nilikuwa nacheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwachezea wenyeji wangu, na moyoni hamna kitu, si furaha si kinyongo. Mwishoni ikapigwa kona. Sikuwa na nia ya kufunga. Nilipanda mbele kwa sababu Galgalo alinishika mkono akanivuta. Mpira ukaja, ukanigonga kwenye ugoko, ukaingia.

Wale vijana wakanirukia. Mimi nikarudi zangu nyuma mahali pangu, nikasimama nikingoja mpira uanze. Mwalimu akapuliza filimbi ya mwisho. Moja kwa moja.

Ndipo fujo ilipoanza. Barisa akamfuata Mwalimu akamwambia, "Mbili bila. Tumeshinda." Mwalimu akamuuliza mbili zimetoka wapi. Barisa akasema, "Athumani ni wa nani? Si wetu? Tumewaazima tu. Goli lake ni letu."

Hapa nikufafanulie, maana kwetu jambo hili halipo. Kwa watu wa huku, mwenye ng'ombe wengi humpa jamaa yake aliyeishiwa ng'ombe wa kukama. Maziwa anakunywa yule aliyepewa, hakuna anayemuuliza. Lakini ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Kila mtoto wa huku anaijua sheria hiyo kabla hajajua kuhesabu.

"Goli ni ndama," Barisa akasema. "Ng'ombe wangu amezaa kwenu. Asante kwa kumlisha, leteni ndama."

Galgalo akacheka kwa hasira. "Goli iko maziwa! Imetoka leo, tumekunywa leo, imekwisha. Ndama ni kitu inakua. Goli inakua?"

"Inakua! Kesho watu wataisimulia!"

"Kusimulia si kukua!"

Wallahi, Dada, uwanja uligawanyika. Wazee waliokuja kuangalia mpira wakaingia humo humo. Mmoja akauliza ng'ombe aliyeazimwa akifia ugenini hasara ni ya nani, kwa hiyo kama Athumani angevunjika mguu angelipwa na nani. Mwingine akasema mimi si ng'ombe wa kukama, mimi ni ng'ombe dume, na dume ana sheria zake. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakamwomba Mwalimu Komora aamue. Mwalimu akasema, "Mimi nilipewa filimbi, sikupewa ng'ombe."

Galgalo akasema, "Basi ng'ombe mwenyewe aseme!" Wakanisukuma katikati. Barisa akanishika bega, bado anacheka, akaniuliza, "Sema kweli, Athumani. Pale ulipofunga, ulikuwa unamfungia nani?"

Nikasema, "Baba amekufa."

Hivyo tu. Sikulipanga. Nilifungua mdomo kujibu habari ya goli likatoka hilo.

Barisa akaniachia bega. Galgalo akauliza, "Lini? Leo?" Nikawaambia. Nikawaambia ilikuwa wakati wa mafuriko, nilikuwa hapo kisimani, nikawapa maji siku ile kama kawaida. Yule mzee wa ngamia alikuwepo. Akasema polepole, "Nilikuuliza habari ya nyumbani." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, uliniuliza."

Nilidhani watanipa pole. Barisa alinikasirikia, Dada. Alinikasirikia vibaya, mbele za watu. "Kila siku unakuja buchani kwangu," akasema. "Kila siku nakukatia maini. Unanicheka, nakucheka. Na baba yako yuko ardhini na mimi sijaja kukaa nawe hata saa moja, sijakupa mkono, sijakuletea hata sukari. Umetufanya watu gani sisi? Nyumbani kwenu watasema kijana wao anaishi na fisi."

Nilikuwa nikijiona mimi ndiye niliyenyimwa kilio. Kumbe na wao niliwanyima haki yao ya kunipa mkono. Jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Mzee wa ngamia akaketi pale pale chini, nasi tukaketi, timu zote mbili, wenye fulana na wasio na fulana, tukamsomea Baba Fatiha katikati ya uwanja. Mwalimu Komora si Mwislamu. Alivua kofia akasimama kando mpaka tukamaliza, filimbi yake kaificha mfukoni. Habari ya ndama na maziwa haikutajwa tena. Galgalo akaenda mwenyewe akamfungua beberu pale kwenye pikipiki, kiti kimebaki sponji, akamwambia Barisa, "Huyu sasa iko ya baba yake." Barisa akaitika kwa kichwa. Beberu akachinjwa, ikawa sadaka, tukala pamoja. Na mimi nilikula, Dada. Sikukufichi, nilikula vizuri.

Nikuambie ukweli mwingine: sikulia hata hapo. Niliwaona watu wazima wakifuta macho kwa ajili ya baba yangu ambaye hawakumjua, na mimi nawatazama. Lakini usiku huo sikulala fofofo. Nilikuwa macho, ndani kunawasha, kama mguu unapoanza kurudi. Hakuna raha yoyote katika hilo. Nimeambiwa kwa simu na fundi mwenzangu wa kisima kingine kwamba mguu unaouma ni mguu ulio hai, nikamwambia anyamaze.

Kulipokucha Barisa akaja kisimani, hakunisalimu, bado ana donge. Akasema, "Tumekama ng'ombe wa watu, hatukujua kwao kumekauka. Nenda nyumbani." Nikamwambia siwezi kuiacha jenereta, mifugo itakufa. Nyuma yake akatokea Galgalo. Vijana wake wamekwenda kuwafuata ng'ombe, yeye amebaki. "Jenereta mimi najua," akasema. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Nimengoja maji hapa miaka. Nilikuwa nakuangalia. Kwanza dizeli, halafu unaipiga teke hapa, halafu unaitukana." Nikampa. Akamimina dizeli, akaipiga teke pale pale ninapoipiga, akaitukana kwa Kiorma. Ikawaka. Wakubwa wangu wa kazi nimewapigia simu, wamekubali.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili: nakuja. Barua hii nampa dereva wa lori la mbuzi linaloteremka Garsen leo. Ataiacha pale dukani shemeji anaponunua sabuni siku ya soko. Mimi nitafuata na lori la safari ijayo, na inshallah nitafika kabla ya arobaini. Nisipopata gari la kutoka Garsen nitatembea, njia naijua.

Uliwahi kunambia katikati ya hasira zako kwamba ndege wanaumaliza mpunga wa Baba kwa sababu dungu la kulindia shamba halina mtu. Sikukujibu hilo nalo, lakini nilisikia. Mwambie shemeji asitafute kibarua wa kuamia ndege. Dunguni nitakaa mimi. Kupiga kombeo bado sijasahau, na kupiga kelele nimejifunza kwa Barisa.

Ila nakuomba jambo moja, Dada, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nikifika huenda macho yakawa bado makavu. Ukiniona hivyo usinisute mbele ya shangazi na watu. Usinitazame usoni kutafuta kitu ambacho hakijafika. Nipe kazi: kuni, maji, kufungua mkeka, chochote. Kilio kikija kitanikuta nafanya kazi ya Baba, hapo sitakizuia.

Nisalimie shemeji Bakari mume wako, mwambie aniwekee kikoi kimoja cha Baba kama hamjavigawa. Msalimie shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, ambaye najua amenisema sana, na mwambie ana haki. Wasalimie watoto wako. Wasalimie wale niliocheza nao mpira, walionuna pamoja nami. Na Mama, najua yumo ndani ya eda na hatoki. Keti karibu naye umsomee barua hii taratibu, hapo penye habari ya kidole gumba na mpungani mwache acheke akitaka.

Najua atakuuliza nimeomba ruhusa ya siku ngapi, maana kila nikija huanza kuhesabu siku za kuondoka kabla sijavua viatu. Mwambie safari hii asihesabu. Mwambie upande pungufu nimeshaujua ni upi, na Baba alikuwa hatoki mpaka adhana ya magharibi.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani